Uchovu usioisha na presha ya kushuka: namna ya kutafuta chanzo

Ukienda duka la dawa ukasema mwili hauna nguvu na presha ni 95/60, mara nyingi unarudi nyumbani na pakiti ya glukosi, vidonge vya vitamini na ushauri wa kulamba chumvi. Hakuna aliyeuliza presha imeshuka kwa nini. "Presha ya kushuka" si jina la ugonjwa, ni namba kwenye mashine. Binti mwembamba wa miaka 22 mwenye 95/60, anayekwenda chuo na kurudi bila kizunguzungu, hiyo ndiyo presha yake na haimdhuru. Mzee wa miaka 70 mwenye 95/60, ambaye mwezi uliopita alikuwa 150/90, anatakiwa kushughulikiwa leo.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kuhakikisha namba ni ya kweli, kisha kutafuta kinachoishusha. Mengi ya hayo unaweza kuyaanza nyumbani. Ila yapo ambayo hayasubiri:

- kuzimia ukiwa unakimbia, unapanda ngazi au umelala, au kuzimia pamoja na maumivu ya kifua;
- choo cheusi kinachonata kama lami, au kutapika damu;
- hedhi imechelewa, tumbo la chini linauma na unaishiwa nguvu ghafla (mimba iliyotunga nje ya kizazi huvujia damu ndani, huioni);
- homa, kuchanganyikiwa au kupumua harakaharaka huku namba ya juu iko chini ya 90;
- kutapika na kuishiwa nguvu kwa mtu aliyekuwa akitumia prednisoloni au deksamethasoni akaacha.

Hayo ni ya hospitali, usiku huohuo. Mengine twende taratibu.

Namba yenyewe ni ya kweli?

Mashine nyingi za nyumbani huja na mkanda wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Mkono wa sentimita 19 ukifungwa mkanda huo utasoma chini kuliko ukweli, na wanaoambiwa wana presha ya kushuka mara nyingi ni haohao wembamba. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo hufanya kinyume, husoma juu. Zote mbili ni namba za uongo, tofauti ni upande tu.

Kosa la pili ni mahali mkono ulipo. Mkanda unatakiwa kuwa usawa wa moyo, mkono umelazwa juu ya meza. Ukiuinua sentimita 10 juu ya moyo, namba hupungua kwa 7 au 8. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea sana kwa sababu hii, kwani kila mtu anaushika mkono anavyojua. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee. Pima mara mbili, andika zote mbili, na usisahau mapigo ya moyo. Mashine huyaonyesha chini ya namba mbili za presha na watu huyaacha, kumbe ndiyo yanayosema zaidi.

Kipimo cha kulala na kusimama

Presha ya kukaa peke yake huficha mengi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na mtu anaweza kuhudhuria kliniki miaka miwili bila kufanyiwa. Fanya asubuhi kabla ya chai, mtu mwingine akiwa karibu kukudaka.

1. Lala chali dakika 5. Pima presha na mapigo, andika.
2. Simama bila kuegemea kitu. Pima dakika ya 1.
3. Endelea kusimama, pima dakika ya 3.
4. Kama presha haijashuka, baki umesimama, pima tena dakika ya 5 na ya 10. Macho yakianza kuingia giza, kaa chini, andika dakika uliyofika.

Presha huhesabiwa kuwa imeshuka kwa kusimama ikiwa namba ya juu imepungua kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3. Tazama daftari tatu:

Daftari A. Amelala 108/70, mapigo 76. Dakika ya 1: 84/58, mapigo 112. Dakika ya 3: 86/60, mapigo 110.

Daftari B. Amelala 134/80, mapigo 68. Dakika ya 1: 110/70, mapigo 72. Dakika ya 3: 106/68, mapigo 74.

Daftari C. Amelala 110/70, mapigo 72. Dakika ya 3: 112/76, mapigo 101. Dakika ya 10: 108/74, mapigo 114.

Wa A presha imeanguka na moyo umekimbia kuifukuzia. Mishipa na neva zinafanya kazi, kinachopungua ni cha kusukuma: maji au damu. Wa B angepimwa amesimama tu angeambiwa 106/68 ni nzuri, nenda nyumbani. Kumbe imeporomoka kwa 28 na moyo umeongeza mapigo 6 tu, kama haujapata habari. Hapo kuna dawa inayoushikilia moyo, au neva zilizochakaa, na kwa kawaida ni kisukari cha miaka mingi. Wa C presha yake haijashuka kabisa, tatizo lake ni mapigo, na tutamrudia.

Hesabu ya haraka: gawanya mapigo yaliyoongezeka kwa namba ya juu iliyopungua. A ni 36 kwa 24, yaani 1.5. B ni 6 kwa 28, yaani 0.2. Chini ya 0.5 washuku neva, isipokuwa kama mtu anameza propranololi, atenololi au dawa za jamii hiyo, kwani hizo huzuia mapigo kupanda na hesabu haina maana tena.

Kama hakuna kilichobadilika, si presha wala mapigo, basi kusimama hakuhusiki. Uchovu wako una mzizi mwingine, na chumvi haitausaidia.

Mimina dawa zote mezani

Zote, pamoja na za jirani na za mitishamba. Dawa za kupunguza maji mwilini kama haidroklorothiazaidi na furosemidi (Lasix) humfanya mtu asomeke kama A. Amlodipini, nifedipini, enalaprili na losartani hushusha presha kwa kazi yake halali, ila mtu aliyepungua kilo 12 au anayeharisha bado anameza dozi ya mwaka jana. Tamsulosini ya tezi dume, amitriptilini ya maumivu ya neva au usingizi, na dawa za magonjwa ya akili kama klorpromazini huwaangusha wazee wanapoamka usiku kwenda chooni. Sildenafili (Viagra) pamoja na dawa za moyo za jamii ya nitreti ni mchanganyiko unaoua.

Usiache kidonge cha presha kwa uamuzi wako. Atenololi na propranololi zikikatishwa ghafla moyo huruka. Nenda kliniki na daftari la kulala na kusimama, waambie wapime umesimama mbele yao. Daktari anayeona kushuka kwa 28 hupunguza dozi bila kubishana.

Upungufu wa damu

Huyu ndiye mtuhumiwa wa kwanza kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, na kwa yeyote mwenye daftari A ambaye anakunywa maji ya kutosha. Viwango vya Shirika la Afya Duniani: wingi wa damu chini ya 12 kwa mwanamke, chini ya 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi mitatu ya kati ya mimba), chini ya 13 kwa mwanaume, ni upungufu.

Dalili moja inayopuuzwa ni hamu ya ajabu. Mwanamke ana vipande vya udongo ndani ya mkoba, anavitafuna akiwa kwenye daladala, au anasaga barafu kwa meno siku nzima. Watu humcheka au humuuliza kama ana mimba. Mara nyingi ni mwili uliokosa madini ya chuma, na hamu hiyo huweza kuanza kabla wingi wa damu haujashuka. Udongo wenyewe hunasa chuma tumboni, hivyo anajiongezea tatizo.

Usiridhike na namba ya wingi wa damu peke yake. Omba picha kamili ya damu, uangalie ukubwa wa chembe nyekundu, unaoandikwa MCV. Chini ya 80 huelekeza kwenye upungufu wa chuma. Juu ya 100 fikiria vitamini B12 au foleti, pombe, au dawa ya VVU iitwayo zidovudini. Anayemeza metformini miaka mingi naye huishiwa B12. Kipimo cha feritini (akiba ya chuma mwilini) kikipatikana, chini ya 15 ni ghala tupu. Kama una maambukizi au uvimbe mwilini hupanda kwa uongo, na hapo hata chini ya 70 huhesabiwa kuwa pungufu.

Kisha uliza chuma kinakwenda wapi. Hedhi ya zaidi ya siku 7, au pedi inayojaa kila saa moja au mbili, au mabonge makubwa, inatosha kuwa sababu. Safura huingia kwa miguu mitupu shambani na hutibika kwa albendazoli miligramu 400, dozi moja. Kichocho nacho hutoa damu polepole, kwenye mkojo au choo. Mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipungukiwa chuma hapewi vidonge na kuachwa: atafutwe kidonda au uvimbe tumboni, hasa kama anatumia diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo.

Vidonge vya chuma hushindwa kwa sababu za kijinga. Ya kwanza ni chai. Kidonge na chai ya asubuhi ni sawa na kukitupa nusu. Acha saa 1 hadi 2 kati yake. Ya pili, kuzidisha. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa siku, au siku moja ndiyo moja hapana, huingia vizuri na hakichomi tumbo kama vitatu, kwani ukimeza mara nyingi utumbo hujifunga na kukikataa. Choo kitakuwa cheusi, lakini kikavu, si cha kunata. Ya tatu ni kuacha mapema: endelea miezi 3 baada ya damu kurudi, ghala lijae. Baada ya wiki 4 wingi wa damu unatakiwa kuwa umepanda kwa 1 hadi 2. Usipopanda, ama humezi, ama bado unavuja, ama haukuwa upungufu wa chuma. Mwenye selimundu asipewe chuma bila kupimwa kwanza.

Tezi zilizo juu ya figo

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa sababu ugonjwa huu hujificha miezi na kuua kwa siku moja. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali inayotengeneza kortisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari. Thomas Addison alieleza ugonjwa wa tezi hizi London mwaka 1855, na wagonjwa wake wengi walikuwa na kifua kikuu kilichozila. Kwetu kifua kikuu bado kipo, kwa hiyo sababu ya mwaka 1855 bado ni ya leo.

Sura yake: uchovu unaozidi mwezi hadi mwezi, kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu cha kusimama, hamu ya chumvi, na ngozi kuwa nyeusi zaidi. Kwenye ngozi yetu weusi huo hautazamwi usoni. Tazama mistari ya viganja, vifundo vya vidole, kovu jipya, ufizi na upande wa ndani wa mashavu. Ufizi mweusi wa kuzaliwa hauhesabiki. Kinachohesabika ni mabadiliko. Kwenye damu, sodiamu huwa chini na potasiamu juu.

Aina ya pili haileti weusi wala hamu ya chumvi, na huenda ndiyo inayokuhusu. Mtu akitumia steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni) wiki 4 au zaidi, tezi hulala. Akiacha ghafla hazina cha kutoa. Steroidi hazitoki kwa daktari pekee. Zimo kwenye vidonge vya kunenepesha mashavu na makalio, ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni. Zimo kwenye mkorogo, kwani krimu za klobetasoli zikipakwa mwili mzima kwa miezi huingia kwenye damu. Baadhi ya dawa za "asili" za mgongo na viungo zimekutwa zimechanganywa nazo. Unga wa majani unaotuliza magoti ndani ya siku moja na kuvimbisha uso ndani ya mwezi si majani matupu. Ukiulizwa hospitali kama unatumia steroidi, taja haya yote, mkorogo ukiwamo, aibu iwe baadaye.

Kipimo ni kortisoli ya asubuhi, damu itolewe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Ikitolewa saa 9 alasiri matokeo hayasomeki, kwani homoni hiyo hushuka mchana kwa kila mtu. Chini ya mikrogramu 3 kwa desilita tezi hazifanyi kazi. Juu ya 15 hadi 18 kwa kawaida ziko salama. Katikati hapo huhitajika kipimo cha kuchokoza tezi kwa sindano, hospitali kubwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha kortisoli kwenye karatasi tu, vitaje.

Tahadhari moja ya kifua kikuu: rifampisini huifanya ini kuyeyusha kortisoli haraka. Mgonjwa ambaye tezi zake ni dhaifu huanza dawa, na badala ya kupata nafuu anatapika, presha inaporomoka ndani ya siku au wiki chache. Wote husema ni ukali wa dawa. Apimwe kortisoli, na akiwa katika hali mbaya apewe haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano bila kusubiri majibu.

Aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua

Mama alimwaga damu sana uzazini, akapona. Maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi, nywele za kwapa zikapungua, na tangu hapo amekuwa mchovu, anahisi baridi, presha iko chini. Miaka inapita, anaitwa mvivu. Huo huitwa ugonjwa wa Sheehan: tezi kuu iliyo chini ya ubongo ilikosa damu siku ile ikafa sehemu. Swali la kuuliza ni moja tu, "Maziwa yalitoka?" Anahitaji kupimwa kortisoli na homoni za thairoidi (tezi ya shingoni) pamoja, na kortisoli irudishwe kwanza. Ukianza kumpa dawa ya thairoidi peke yake unaweza kumwangusha.

Mengine, kwa ufupi

Thairoidi dhaifu: baridi, choo kigumu, mapigo ya polepole, uso kuvimba, pima TSH (homoni ya damu inayoiamsha thairoidi). Sukari ipimwe kwa kila mchovu. VVU vipimwe, makohozi pia kama kuna kikohozi, jasho la usiku au kukonda. Anayekunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo, mwenye homa za vipindi na viungo kuuma, afikiriwe brusela. Miguu inayovimba na kushindwa kulala bila mito mitatu ni moyo, na huyo chumvi ni sumu kwake. Anayekoroma hadi pumzi inakatika usiku huamka amechoka hata akilala kwa muda wa saa 9.

Na taifodi? Uchovu wa miezi 4 bila homa si taifodi, Widal iseme itakavyo. Kipimo hicho huonyesha hata kinga za maambukizi ya zamani, na watu wamemeza siprofloksasini raundi tano kwa ajili yake.

Vipimo vyote ni safi, bado umechoka

Sasa turudi kwa daftari C. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19), bila presha kushuka, na hali hiyo imedumu miezi 3, hicho ni kilema cha urekebishaji wa mapigo kinachoitwa POTS. Si woga, ingawa moyo kwenda mbio hufanana na woga. Upungufu wa damu na thairoidi iliyozidi vipimwe kwanza, ithibitike havipo.

Halafu kuna ugonjwa wa uchovu sugu, ME/CFS. Haupimwi kwenye damu. Unatambulika kwa miezi 6 ya uchovu uliopunguza shughuli zako, usingizi usioburudisha, akili kuwa nzito au kushindwa kusimama muda mrefu, na juu ya yote, adhabu inayochelewa. Jumamosi unafua beseni mbili za nguo, jioni unajiona mzima. Jumapili mchana au Jumatatu mwili unagoma, koo linauma, huwezi hata kuchana nywele, na hali hiyo inadumu siku kadhaa. Uchovu wa kawaida huja wakati wa kazi na huisha kwa kulala. Huu huja saa 12 hadi 48 baadaye na kulala hakuumalizi. Uviko-19 umewaachia wengi hali kama hiyo.

Mwaka 1995 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba wengi wa wagonjwa hawa presha yao huanguka wakisimamishwa muda mrefu. Ikadhaniwa dawa ya kushika chumvi, fludrokotisoni, ingewaponya. Jaribio la mwaka 2001 halikuona tofauti na kidonge kitupu. Ushauri wa kujilazimisha mazoezi yanayoongezeka kila wiki nao uliondolewa kwenye mwongozo wa Uingereza mwaka 2021, kwa kuwa uliwadhuru. Kinachosaidia ni kugawa kazi: beseni moja leo, ukiwa umekaa kwenye kigoda, nyingine keshokutwa, na kuacha kabla mwili haujadai.

Ya kufanya nyumbani wakati chanzo kinatafutwa

Maji lita 2 hadi 3 kwa siku, na glasi mbili kwa mkupuo kabla ya kutoka kitandani. Kaa ukingoni dakika 2 kabla ya kusimama. Ukihisi giza foleni benki, pishanisha miguu, bana mapaja na makalio, kunja ngumi. Damu hupanda ndani ya sekunde chache. Sahani kubwa ya ugali au wali huvuta damu tumboni, hasa kwa wazee, hivyo gawa mlo mara nne au tano. Ile glukosi ya duka la dawa haipandishi presha. Kwa mzee kinywaji kitamu humshusha zaidi nusu saa baadaye.

Chumvi ya ziada, nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kwa siku ndani ya chakula, ni ya mwenye daftari A au C ambaye presha yake ya kukaa si ya juu, moyo na figo ni vizima, na si mjamzito. Wa B asiiguse bila daktari, kwani presha yake akilala inaweza kuwa juu.

Na kuna kibwebwe. Damu nyingi ya anayesimama hujikusanya tumboni, kuliko hata miguuni. Kunja kanga iwe mkanda wa upana wa kiganja na nusu, funga kati ya mbavu na nyonga ukiwa bado umelala, ikaze lakini uweze kuvuta pumzi, na uifungue ukirudi kulala. Fanya kipimo cha kulala na kusimama siku moja bila kibwebwe na siku ya pili umekifunga, saa ileile. Kama wa A alikuwa anaanguka hadi 84 na sasa anabaki 98, peleka kurasa zote mbili kliniki.